Nyumba Moja Juu ya Isela

Jumatano, 3 Juni

Mlingoti umesimama. Walianza asubuhi, saa nane mchana ukawa juu, mwembamba, mrefu kupita mnara wa simu, umefungwa nyaya pande zote kama ng'ombe mkorofi. Kileleni kuna vikombe vinavyozunguka upepo ukivuma. Shoga yangu Mhoja aliuliza kama ndivyo vitakavyotoa umeme. Tulimcheka mpaka machozi, ingawa nusu yetu tulikuwa na swali hilohilo.

Vikombe ni vya kupimia tu. Mtaalamu wa kampuni, binti wa Kihaya anayeitwa Nice Mutayoba, alitueleza vizuri, bila kutufanya wajinga. Kiangazi hiki watapima upepo hapa kwetu Isela, na watapima Lubili, ng'ambo ya ghuba. Kikiisha, watachagua kilima kimoja cha kuweka mashine.

"Upepo peke yake hautoshi, wazazi wangu," alisema. "Tunaangalia kama barabara inaweza kufika, kama nguzo kubwa za umeme haziko mbali, kama ndege wa ziwani hawapiti hapo kwa makundi, na kama watu hawakai chini ya mashine."

Aliposema hilo la mwisho, macho yote yalipanda kilimani. Juu ya Isela kuna nyumba moja tu, ya mzee Masalu na mkewe Teodora, Mama Pius. Teodora ni jirani yangu wa karibu kuliko wote. Yeye yuko juu, mimi chini yake, akimwaga maji ya vyombo mimi ndiye ninayepata habari.

Nice aliitazama. "Ile iko karibu mno. Tutaona," akasema, akaingia kwenye gari.

Jumamosi, 6 Juni

Upepo mzuri. Michembe ya Mama Pius, viazi vyake vilivyokatwa na kuanikwa mwambani, imepeperuka mpaka uani kwangu. Nimemrudishia nusu. Nusu tumekula, na nimemwambia ni ushuru wa kiwanja.

Jumapili, 14 Juni

Baada ya ibada Mwenyekiti Nkwabi aliita mkutano. Nkwabi ni mtu wa kupenda kusikia sauti yake, lakini leo alizungumza kwa ufupi, nami nilimwelewa kila neno. Mashine hazibebwi kwa punda. Zikija, barabara inakuja kwanza, pana, ya kupitisha gari lililobeba panga la mashine, refu kama uwanja wa mpira. Na barabara ikija, zahanati itapata gari.

Hapo nililia mbele za watu, na sikuona aibu. Masika iliyopita mwanangu Rose alishikwa na uchungu, gari likakwama kwenye tope, tukambeba kitandani. Mtoto alifia njiani. Wa kike. Waliobeba miguu ya mbele ya kile kitanda ni mume wangu Luhende na Teodora. Teodora alivua kitenge chake tukamfungia mtoto.

Nkwabi alimaliza hivi: "Kitu kimoja kinatuzuia. Nyumba moja."

Teodora alisimama. Akasema kwa taratibu yake ile, "Mimi kuhama sijakataa. Lakini mzee wangu habebeki. Akishalala nitaondoka hata kesho yake. Mniache afie kwake."

Watu walinung'unika. Nami nilinung'unika.

Jumanne, 16 Juni

Vikombe vimelala. Joto.

Jumapili, 21 Juni

Nimepanda kwa Mama Pius kumsihi. Masalu amelala karibu na mlango ili aone ziwa. Amebaki mifupa na macho. Kifua kinakwaruza, unakisikia toka uani.

Nilimwambia, "Mama Pius, mpeleke kwa mwanao Pius, huko Buhongwa. Hospitali ziko karibu."

"Hospitali walisema nimrudishe nyumbani, Mama Rose. Ulikuwepo."

"Basi atakaa huko kwa Pius."

"Na akifika Usagara akakata roho kwenye gari? Nimwambie dereva nini?"

Nilikasirika. Nilitaka kumuuliza mzee atakufa lini, na nadhani aliliona swali usoni kwangu, maana alinikatia kipande cha kiazi akanipa nile, kama anavyowapa watoto wanaolia. Nilikila. Niliposhuka hasira ilikuwa palepale. Mgonjwa anaweza kudumu kiangazi chote. Masalu ni mbishi tangu ujana wake.

Jumapili, 28 Juni

Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wamekaa leo. Mtendaji wa kijiji alikuwa na habari, akasema ana semina, akapanda pikipiki akaenda zake. Mwenye macho haambiwi tazama.

Wamemtenga Teodora. Naandika masharti jinsi yalivyosomwa: asisalimiwe, asiuziwe wala kununuliwa kitu, asipewe moto wala chumvi, asichote maji na wenzake, na asizikiwe. Atakayevunja atatozwa mbuzi, na mbuzi huyo ataliwa na kijiji mbele ya mlango wake. Akikubali kuhama, yote yanafutwa siku hiyohiyo.

Hilo la kuzikiwa linanihusu mimi. Vyombo vya chama cha kuzikana viko kwangu, masufuria makubwa, turubai, majembe na sururu. Kijijini kwetu mtu akifa, kabla ya padri wanakuja kwangu. Nkwabi aliniuliza mbele ya wote, "Mama Rose, umesikia?" Nikasema nimesikia. Akasema waliokubali wanyooshe mikono. Niliunyoosha wangu mapema, nisije nikaonekana nimesubiri wenzangu.

Luhende hakunyoosha. Alisema alikuwa anajikuna mgongo.

Jumatatu, 29 Juni

Asubuhi Teodora alipita na ndoo, akanisalimu. "Mwangaluka, Mama Rose."

Niliinama nikajifanya natafuta kitu kwenye majani. Alisimama kidogo. Kisha akaenda. Nilibaki nimeinama kule kwenye majani kama kuku.

Jumatano, 1 Julai

"Mwangaluka, Mama Rose." Nimefagia.

Alhamisi, 2 Julai

"Mwangaluka, Mama Rose." Nimefagia tena, na uwanja ulikuwa safi.

Jumamosi, 4 Julai

Leo hakunisalimu. Nikajiona nimepumzika, halafu nikachukia kwamba ni yeye aliyeacha.

Jumatano, 8 Julai

Upepo wa kusini umeingia kwa nguvu. Mabati matatu ya darasa la nne yameng'oka, na watoto wametoka mbio wakipiga kelele. Wazazi tulisimama barabarani tukishangilia, tukihesabu mabati kama magoli. Mwalimu mkuu alitutazama kama wendawazimu. Mlingoti wetu ulikuwa unalia juu, vikombe havionekani kwa kasi. Nkwabi alivua kofia akasema, "Asante Mungu, endelea."

Jumapili, 12 Julai

Naona nimeanza kuzoea. Ni lazima niandike ukweli, vinginevyo sina haja ya daftari: kuna raha ndani yake. Kisimani tulikuwa wanawake kama kumi, Teodora akasubiri mbali mpaka tumalize, kama sheria inavyosema. Tukachota polepole. Mhoja akaosha ndoo mara ya pili, kisha ya tatu. Mwingine akaanza kuosha miguu. Mhoja akasema kwa sauti, "Aliye juu mngoje chini!" Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi yao, kwa sababu wote walikuwa wananitazama kama nitacheka.

Teodora alikuwa ameketi juu ya ndoo yake amegeukia ziwani. Jua lilikuwa limeshawaka alipoanza kupanda, na mlima ule mimi naujua, hauna kivuli.

Jumamosi, 18 Julai

Pius amekuja kutoka Buhongwa, ni fundi ujenzi huko. Bodaboda wamekatazwa kumpakia. Ametembea toka barabara kuu na mfuko wa unga begani. Alipita kwangu akasema, "Shikamoo mama." Mtoto huyu nimemfuta kamasi. Sikuitikia. Aliirudia mara moja, akidhani sijasikia.

Jumanne, 21 Julai

Habari imezagaa kwamba Lubili wamemwendea mganga ili afunge upepo wetu kwenye chupa. Siku mbili hizi vikombe vimelala kweli, na ziwa limekuwa bapa. Nkwabi amekusanya watu wapeleke kondoo kwa mganga mkubwa zaidi. Mkristo mwenzangu Dorcas amechangia, akaniambia niliweke siri. Nimeliweka humu.

Jumatano, 22 Julai

Upepo umerudi. Lubili nako umerudi, lakini hilo hakuna anayelisema.

Jumapili, 2 Agosti

Nimeshindwa kula.

Jua lilikuwa linazama, Luhende na mimi tuko ndani, ugali umeiva. Hodi ikapigwa. Nikaijua sauti. Luhende aliweka tonge chini.

"Mama Rose, sikuombi salamu," alisema toka nje. "Wala sitaingia. Mzee ana vidonda mgongoni, vimefunguka. Siwezi kumgeuza peke yangu, naogopa kumvunja. Njoo umshike miguu tu. Tutanyamaza, hutasema na mimi neno, nawe utakuwa hujavunja kitu."

Nilisimama nyuma ya mlango. Ubao ni mwembamba, nilisikia anavyohema. Nilikuwa karibu naye kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemshika bega.

Luhende alininong'oneza, "Ni mbuzi mmoja tu, Selina. Tunaye."

Nikatikisa kichwa. Nilimwonyesha kwa mkono chumba alimolala Rose. Yeye akatikisa chake. Tukatikisana vichwa gizani kama mabubu, na mwenzetu amesimama nje anasubiri.

Naandika nilichokuwa nakifikiri, nisije nikajidanganya siku za mbele. Sikumwogopa Nkwabi, wala mbuzi sikumjali. Nilifikiri hivi: vidonda vikifunguka, hamalizi mwezi. Akifa, nyumba itahama. Nilisimama nyuma ya mlango nikimwombea mzee wa watu kifo, kwa ajili ya barabara.

Teodora alisubiri muda mrefu. Kisha akasema, "Haya. Ugali wenu usipoe." Hakusema kwa kejeli. Nilisikia kanda mbili zake zinapanda kilima.

Luhende hakula pia. Alitoka akalala kwenye zizi.

Jumatatu, 3 Agosti

Luhende hasemi na mimi. Nimemwambia naye pia hakufungua mlango, ana miguu miwili. Mwanaume huyu dhamiri yake ni ya kuninyooshea mimi kidole.

Jumamosi, 8 Agosti

Nane Nane. Upepo mzuri.

Jumatatu, 10 Agosti

Masalu amefariki alfajiri. Kilio cha Teodora kimesikika kijiji kizima, sauti moja peke yake. Msiba wa kwetu mtu mmoja akilia wa pili anapokea, wa tatu, mpaka mlima unajaa. Leo alilia, akanyamaza, akasubiri, akalia tena. Mbwa ndio waliomjibu.

Mchana Pius alikuja uani. Hakusalimu, ameshajifunza. "Mama ameniagiza turubai, masufuria na majembe," akasema. "Anasema baba alikuwa mwanachama tangu chama kianze."

Ni kweli. Hata sururu Masalu ndiye aliyeitoa.

Nilimwambia, "Nenda kamwambie Mwenyekiti."

"Nimetoka kwake. Amesema funguo ziko kwako."

Kumbe! Wakati wa kunyoosha mikono tulikuwa wengi. Sasa nimebaki peke yangu na funguo kiunoni. Ningeweza kufungua. Mtu ameshakufa, nyumba itahama, kuna nini tena cha kumtengea mjane? Nilimwambia hivyo Mhoja aliyekuwa amekaa nami, naye akasema, "Hajatamka kwamba anahama. Ukifungua leo, kesho atakaa arobaini, keshokutwa atakaa mwaka." Nikaona ana maneno ya maana. Nikamwambia Pius, "Mama yako aje aseme mwenyewe mbele ya watu kwamba anahama, nitafungua."

Pius alinitazama. "Mama amekaa na maiti," akasema, akaondoka.

Jumanne, 11 Agosti

Wamemzika.

Pius alikwenda Kigongo akaleta vijana wanne, wale waliokuwa wabeba mizigo wakati wa kivuko na sasa daraja limewaacha bila kazi. Hawakumjua marehemu. Walichimba wakiwa wamefungulia muziki kwenye simu, wakitaniana. Mmoja alipiga mwamba, akatukana. Katekista alituma ujumbe kwamba anaumwa tumbo. Pius ndiye aliyesoma sala.

Lakini hilo silo nililoliona baya zaidi. Kwetu mjane haguswi na kazi. Anakaa kwenye mkeka, wenzake wamemzunguka, hata maji ananyweshwa. Leo nilisimama nyuma ya migomba yangu nikamwona Teodora anachochea moto. Maiti ya mumewe iko ndani, yeye anasonga ugali wa wachimba kaburi, kwa sababu vibarua lazima wale na hakuna mwingine wa kuwapikia. Moshi ulimwingia, akajifuta macho kwa kiwiko, akaendelea kusonga. Kijana mmoja akamwambia uongeze chumvi, mama. Akasema chumvi hakuna.

Kilo yangu ya chumvi ilikuwa jikoni, haijafunguliwa.

Kijiji kizima kilikuwa nyuma ya migomba. Nilimwona Dorcas nyuma ya migomba yake, na Nkwabi nyuma ya ukuta. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Jumamosi, 15 Agosti

Amehama. Pius amekodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Kitanda, masufuria mawili, kuku, na mama yake kwenye kiti cha mbele. Kabla ya kupanda alifagia uwanja wote mpaka kaburini. Gari lilipopita kwangu nilitoka mpaka njiani. Alikuwa anatazama mbele.

Saa ile ile sungusungu walitangaza kwamba kutengwa kwake kumefutwa, sasa anaruhusiwa kusalimiwa. Mhoja alipunga mkono kuelekea vumbi.

Jumatatu, 17 Agosti

Mabati ya nyumba ile yamekwisha. Mlango nimeuchukua mimi. Wangeuchukua wengine.

Jumatano, 2 Septemba

Nice amerudi. Tulikusanyika shuleni. Kabla ya kufungua karatasi zake aliuliza, "Yule mama wa juu yuko wapi? Nimekuta kuta."

Nkwabi akasema, "Alimfuata mwanawe mjini. Mzee alifariki."

"Aliondoka kwa hiari yake? Naomba mnisamehe, lazima niulize. Kama kuna mtu amefukuzwa kwa ajili ya mashine, kampuni haiwezi kuja." Akanigeukia. Sijui nani alimwelekeza. "Mama, wewe ni jirani yake, eti?"

Watu wote walinitazama, Rose wangu akiwemo, mlangoni.

"Kwa hiari," nikasema. "Tulimsindikiza."

Akaandika. Akashukuru. Halafu akatandika ramani mezani, akaita watu wasogee. Isela imechaguliwa! Lubili ndege ni wengi mno. Vigelegele vilipanda, Nkwabi akabebwa juu, Mhoja akanikumbatia shingo nusura anivunje. Nilikuwa nimeinamia ramani. Mashine zote zimepangwa bega la kusini, upande wa ziwa. Kule juu, penye nyumba ya Teodora, kuna duara jekundu, na ndani ya duara hakuna kitu.

Nilimuuliza Nice duara ni la nini.

"Ni la ile nyumba, mama. Tuliikwepa. Tukasogeza mashine mbili kusini, upepo ni uleule. Angeweza kukaa tu. Nilimpigia Mwenyekiti tangu mwanzo wa mwezi wa saba nimwambie awatoe watu wasiwasi."

Mwanzo wa mwezi wa saba. Siku hizo mimi nilikuwa nafagia uwanja uliokuwa safi.

Nilimfuata Nkwabi nyuma ya darasa. Hakukana. "Mkutano ulikuwa umeshaamua, Mama Rose," alisema. "Ningesimama niseme nini? Tumekosea? Mngenipigia kura tena?" Kisha akanishika bega kwa upole kabisa. "Na wewe umeshasema kwa hiari. Kwa hiyo tunyamaze wote."

Jumapili, 6 Septemba

Kijiji kimechinja ng'ombe. Nyama imekuwa ngumu.

Jumamosi, 19 Septemba

Nimekwenda Buhongwa. Sikumuaga mtu. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga tangu usiku: kwamba nyumba yake haikuwa na shida, kwamba Nkwabi alijua, kwamba mimi sikujua. Hilo la mwisho nililipanga vizuri kuliko mengine.

Nyumba ya Pius haijapauliwa upande mmoja. Teodora alikuwa uani anachambua dagaa. Amenenepa kidogo. Nikasema, "Mwangaluka, Mama Pius."

"Mwangaluka," akaitikia. "Karibu. Karibu kiti."

Akaitikia! Nilikaa, nikaanza kulia hapohapo. Aliniletea maji ya kunawa, akaniletea uji, wenyewe wa moto, na sukari. Akauliza kama mvua zimeanza kutishia. Akauliza kama njiani kuna vumbi. Nikajibu yote. Nikavuta pumzi niyatoe maneno yangu.

Mkamwana wake alitoka ndani, msichana wa mjini, mjamzito, akapiga goti. "Shikamoo mama." Kisha akamgeukia mkwewe. "Mama, mgeni wetu ni nani?"

Teodora aliacha dagaa. Alinitazama vizuri usoni, kwa makini, bila hasira yoyote, kama mtu anayejitahidi kweli kukumbuka.

"Ni mtu wa kule kijijini," akasema. "Jina limenitoka."

Nilisubiri acheke. Nilimtazama mdomo nikisubiri. Alirudi kwenye dagaa zake, na baada ya muda akaniuliza kama aniongeze uji. Nikasema nimeshiba. Nikashukuru, nikatoka kutafuta gari.